Tusikate springi jamani

Mhariri, naomba nafasi niongee na vijana wa Kampala wenye Subaru za kwenda kazini wiki nzima halafu wikendi wanataka kukimbiza magari kwenye viwanja vya mashindano vya Busiika ama Garuga. Wengi wakipata hela kidogo wanakimbilia kukata springi ili gari ishuke, na hiyo ni hatari kabisa, springi ikikatwa inakuwa fupi na ngumu, shokapu, ile inayozuia gari kudundadunda, inagonga mwisho, na kwa mashimo yetu haya gari inaruka tu badala ya kushika barabara. Anzeni na tairi nzuri, sio mitumba iliyokauka mpira. Halafu fundi ainue gari atikise gurudumu kwa mkono juu na chini, likicheza basi bearingi ama boljointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu, imekwisha, na bushi, zile mpira za kwenye viungo, zikipasuka hata alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu, haikai. Shokapu na springi mpya zinakuja baadaye, zinunuliwe zinazoendana. Oili ya breki nayo inanyonya maji ndio maana inachemka haraka breki zikipata moto, na ikichemka pedali inazama mpaka chini, badilisheni kabla ya mashindano.

Na waandaaji nawaomba sana, ukaguzi uwe wa kweli, mtu alale chini ya gari aangalie, sio helmeti na mkanda tu.

Msomaji wenu, Ntinda, Kampala