Kibet, kuhusu ombi lako la msamaha wa chanjo

Mpendwa Kibet,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Nimeisoma mara tatu rasimu ya ombi lako la kutochanjwa kwa sababu ya imani, pamoja na tangazo la chuo chenu huko Marekani, unakofundisha mbio, kwamba kila mwajiriwa wa idara ya michezo awe amechanjwa chanjo ya mafua kabla ya msimu wa mbio za ukumbini. Kama ushuhuda wa kanisani, umeandika vizuri sana. Kama ombi la kazini, bado. Kurasa zote nne zinaeleza imani yako, na hakuna hata mstari mmoja unaosema kazi itakwendaje usipochanjwa. Hapo ndipo ombi lako litakapobanwa zaidi, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi, lakini kwanza tuisafishe kesi unayoitegemea.

Umeandika kwamba Nick Rolovich alishindwa kwa sababu jaji aliikataa dini yake. Hiyo ni nusu ya habari. Rolovich alikuwa kocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Washington State, kule Pullman, mji uleule alikosoma mkimbiaji wa Kenya Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Agosti 2021 Gavana Jay Inslee aliamuru wafanyakazi wa serikali ya jimbo, kisha wa shule na vyuo, wawe wamekamilisha chanjo ya Korona ifikapo Oktoba 18. Amri iliacha nafasi ya msamaha kwa sababu za afya au imani ya dhati, lakini si kwa matakwa binafsi tu. Rolovich, ambaye ni Mkatoliki, aliomba msamaha wa kidini. Oktoba 18 akaachishwa kazi pamoja na makocha wasaidizi wanne, siku mbili baada ya timu yake kuifunga Stanford 34–31. Akashtaki, na Januari 2025 Jaji Thomas Rice wa mahakama ya shirikisho akakipa chuo ushindi bila kesi kufika mbele ya jopo la raia wanaoamua kesi.

Chuo kilikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa shaka kama imani yake ni ya dhati. Julai 2021, alipotangaza kwamba hajachanjwa na hivyo atahudhuria mkutano wa waandishi wa ligi kwa njia ya mtandao, alisema sababu zake ni za faragha. Kesi ilipofunguliwa, barua pepe na ujumbe wake wa simu zikawekwa mezani, na jaji akaona humo wasiwasi wa kawaida kuhusu chanjo yenyewe, si pingamizi la kidini. Hoja ya pili ilikuwa kazi. Kocha mkuu wa timu kama ile huongoza vijana zaidi ya 100, husafiri nao kwa ndege, huingia nyumbani kwa wazazi kusajili wachezaji, na hukaa na wafadhili. Chuo kikasema kumweka mtu huyo bila chanjo kungekuwa mzigo mzito kwa gharama za safari, kwa usajili na kwa michango, na jaji akakubali. Kwa hiyo hata kama dhati yake isingetiliwa shaka na mtu yeyote, hoja ya pili peke yake ingetosha kumwangusha.

Sheria inayokuhusu wewe ni Sura ya Saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya 1964, ambayo humbana kila mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Inamtaka aipatie imani yako nafasi kazini, isipokuwa kufanya hivyo kukiwa mzigo uliopita kiasi. Tangu 1977 mahakama zilichukulia kwamba gharama yoyote iliyozidi kidogo tu inatosha kumkatalia mfanyakazi. Hali hiyo ilibadilika Juni 29, 2023, katika kesi ya Groff, tarishi wa posta aliyekataa kufanya kazi Jumapili. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwajiri lazima aonyeshe ongezeko kubwa la gharama likilinganishwa na shughuli zake mwenyewe. Rolovich alihukumiwa chini ya kipimo hicho kipya na bado akashindwa. Kwa upande mwingine, Juni 2024 jopo la raia kule Tennessee lilimpa karibu dola 687,000 mtafiti wa kampuni ya bima aliyefukuzwa kwa kukataa chanjo. Yeye alikuwa akifanyia kazi nyumbani kwake. Sheria ni ileile, ila kazi ni mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ombi lako lieleze kazi.

Sasa rasimu yenyewe.

Aya ya tatu, ile ya seli za watoto waliotolewa mimba, ifute yote. Najua umeitoa kwenye barua ya mfano inayozunguka mtandaoni. Barua hiyo iliandikwa kwa ajili ya chanjo za Korona: seli za HEK 293 zilitumika kuzifanyia majaribio za Pfizer na Moderna, na seli nyingine za aina hiyo, PER.C6, kutengenezea ya Johnson & Johnson. Chanjo nyingi za mafua hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Ipo inayokuzwa kwenye seli za figo ya mbwa, na ipo inayotengenezwa kwa seli za wadudu. Afisa utumishi akiisoma aya hiyo atajua umenakili, na shaka hiyo itagusa hata yale uliyoyaandika kwa moyo wako. Tena kuna hatari nyingine: ukijenga pingamizi juu ya kiungo kimoja, mwajiri ana haki ya kukupa chanjo isiyo na kiungo hicho, na ombi lako likaishia hapo. Kocha Mwislamu akikataa ile ya kupuliza puani kwa sababu ina jelatini ya nguruwe, atapewa sindano isiyo na jelatini. Imani yako wewe ni kwamba mwili hutibiwa kwa maombi, na unaikataa chanjo ya aina yoyote. Basi sema hivyo.

Aya ya tano, ya uhuru wa mwili, madhara ya chanjo na serikali kuingilia watu, iondoe pia. Huenda unayaamini hayo, na huo si uongo, lakini sheria hailindi misimamo ya kisiasa au ya kiafya. Ikichanganywa na imani kwenye ukurasa mmoja, msomaji huchagua ile inayompa sababu ya kukataa. Na usiseme jambo moja kwenye ombi na jingine kwenye kikundi cha makocha cha WhatsApp. Yale ya kikundini yatasomwa kesi ikifika mahakamani.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliandika kabisa, nalo litakuja. Ulipoomba makazi ya kudumu ulipimwa na daktari na ukachanjwa, na karatasi zipo. Sheria ya uhamiaji inao msamaha wake wa chanjo kwa anayepinga chanjo zote kwa imani ya dhati, na wewe hukuuomba. Mwajiri akiuliza, atauliza hivi: mbona wakati ule ulikubali? Jibu lako ni la kweli na ni jepesi: ulibatizwa katika kanisa hili baadaye. Liandike wewe kabla hujaulizwa, na utaje mwezi na mwaka. Tume ya Usawa katika Ajira, EEOC, inakubali kwamba imani ya mtu hubadilika. Inachoangalia ni kama mwenendo wako unapingana waziwazi na unachodai, kama unachoomba ni kitu ambacho watu hukitamani kwa sababu nyingine, kama wakati wa ombi unatia shaka, na kama kuna kingine kinachoonyesha kwamba si dini. Kwa hiyo kama bado unameza dawa za maumivu baada ya mazoezi, fikiri sasa utalijibuje swali hilo, kwa ukweli. Ikiwa kanisa lenu huruhusu dawa za maumivu na hukataa chanjo, eleza tofauti hiyo kwa sentensi mbili.

Barua ya mchungaji si lazima. Sheria haiulizi kama kanisa lako linakubaliana nawe. Hata Wakatoliki walipishana: waraka wa Vatikani wa Desemba 21, 2020 ulisema kupokea chanjo za Korona kunaruhusiwa kimaadili, na huohuo ukasema kwamba kwa kawaida kuchanjwa si wajibu wa kimaadili na kuwe kwa hiari. Mchungaji akiwa tayari kuandika nusu ukurasa juu ya lini ulijiunga na mnafundishwa nini, iambatishe. Asiandike zaidi ya hapo.

Imani yote iingie katika nusu ukurasa. Kwa mfano: «Tangu nilipobatizwa mwezi fulani mwaka fulani nimeishi kwa fundisho kwamba uponyaji na kinga ya mwili ni vya Mungu, na tangu siku hiyo sijapokea chanjo yoyote. Kupokea chanjo ya mafua kungekuwa kuivunja ahadi niliyomwekea Mungu.» Inatosha. Usihubiri.

Ukurasa unaobaki ni wa kazi. Chukua wiki moja ya Novemba na moja ya Februari, uandike saa kwa saa uko wapi na uko na nani. Mazoezi ya nje hayana shida, na wewe una bahati kwamba mbio za nyika na sehemu kubwa ya mafunzo yako ni hewani. Shida ziko katika sehemu nne: gari la abiria 12 au 15 mnalosafiria, vyumba vya hoteli, chumba cha tiba ambako vijana hukandwa, na ukumbi wa mbio. Kila sehemu ipe jibu lake. Garini, utavaa barakoa safari nzima, utakaa kiti cha mbele na dirisha litafunguliwa kidogo, au utaendesha gari lako mwenyewe. Hotelini, utalala peke yako. Hesabu gharama: safari 6 za usiku 2 ni usiku 12; zidisha kwa bei ya chumba ambayo chuo hulipa kawaida, uandike jumla, na useme kama uko tayari kuilipa wewe. Chumba cha tiba, hutaingia vijana wakiwamo. Mazungumzo na mtaalamu wa tiba yatakuwa kwa simu. Ukumbini, barakoa. Ukipata homa au kikohozi, hutafika kazini, na utaje kocha gani atashika kundi lako siku hizo. Usajili wa wachezaji majumbani katika miezi ya mafua utafanyika kwa video, au utabadilishana zamu na mwenzako. Muulize mwenzako huyo kwanza. Ukimpangia zamu bila yeye kujua, atakukana mbele ya mkurugenzi, na mpango wote utaonekana wa kubuni.

Ukifanya hivyo, chuo hakitaweza kusema tu kwamba haiwezekani. Kitalazimika kuonyesha ni kipi katika mpango wako kinachokigharimu sana, na kiasi gani. Oktoba 2024 shirika la treni la BART kule California lililipishwa zaidi ya dola milioni 7 kwa wafanyakazi sita wa zamani. Lilikuwa limepokea maombi ya kidini, likayakubali baadhi, kisha likasema halina nafasi kwa yeyote.

Peleka ombi mapema, usingoje wiki ya mwisho. Litume kwa barua pepe ya chuo kwenda ofisi ya utumishi, na nakala ubaki nayo nje ya mtandao wa chuo. Wakikuuliza swali, jibu ndani ya siku mbili tatu. Mkizungumza kwa mdomo, siku hiyohiyo andika: «Kama tulivyozungumza leo…» Wakikataa, omba sababu kwa maandishi, kisha tazama kama kuna rufaa ya ndani. Hesabu siku tangu siku ya uamuzi: malalamiko kwa EEOC ni ndani ya siku 180, au 300 pale ambapo jimbo lina chombo chake cha kushughulikia ubaguzi. Rufaa ya ndani haisimamishi hesabu hiyo, na watu hupoteza haki zao hapo wakisubiri jibu la mkurugenzi. EEOC wakikupa barua ya ruhusa ya kushtaki, una siku 90. Mkataba wako nao usome leo, hasa kifungu kinachosema kuvunja kanuni za chuo ni sababu halali ya kukuachisha bila malipo.

Kuhusu vijana wako wawili waliokuomba uwaandikie na wao: usiwaandikie. Wao si waajiriwa kwa sheria hii, na ombi lao lina njia nyingine. Oktoba 2021 wanariadha 16 wa Chuo Kikuu cha Western Michigan walipata ulinzi mahakamani kwa Katiba ya Marekani, kwa kuwa chuo kile ni cha umma na kilikuwa kimejiachia uamuzi wa kusamehe mtu mmoja mmoja. Chuo chenu ni cha binafsi, hivyo hoja hiyo haiwafikii. Tena kocha akiandika barua ya imani kwa niaba ya mchezaji anayemgawia nafasi za kukimbia, mtu yeyote anaweza kudai umemshinikiza. Waelekeze ofisi ya wanafunzi.

Nitumie rasimu mpya ikiwa na ile ratiba ya wiki mbili kabla ya Ijumaa. Nitaipitia usiku huohuo, nawe utaipeleka Jumatatu.

Rafiki yako,
Omari