Rangi ya mhusika isingoje mpaka rangi wa katuni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tuchangie mjadala wa katuni za kauboi zenye wahusika wapenzi wa jinsia moja. Kuna hoja inayorudiwa kila mara: kwamba mchoraji akimweka kauboi Mweusi au Mmeksiko mwenye mpenzi wa kiume, basi amepotosha historia ya magharibi ya Marekani ili awaridhishe watu wa leo. Hoja hiyo imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Anayepotosha ni yule anayechora Wazungu watupu kumi na wawili nyuma ya kundi la ng'ombe, kisha akaandika juu ya ukurasa "Texas, 1875".

Hesabu yenyewe ni hii. Kundi la ng'ombe 2,500 lililoswagwa kutoka Texas hadi kituo cha reli Kansas lilihitaji watu kama 12: kiongozi wa msafara, mpishi na gari lake la jikoni, kijana wa kuchunga farasi wa akiba, na waliobaki ni wapanda farasi. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kauboi mmoja katika kila wanne alikuwa Mweusi, na Texas walikuwa wengi kwa kuwa kabla ya 1865 watumwa walikuwa wakifanya kazi ya ng'ombe huko. Waongeze wachungaji wa Kimeksiko, ambao ndio walioanza kazi hiyo. Hata maneno rodeo (mashindano ya kauboi) na lariat (kamba ya kunasia ng'ombe) yametoka katika Kihispania chao. Ukihamishia msafara Montana ya 1885, uwiano unabadilika. Kwa hiyo mwandishi aandike mwaka na mahali kwanza, kabla ya jina la shujaa, maana hayo mawili yanamwamulia mambo mengi sana.

Tatizo linatokana na mpangilio wa kazi. Katuni huanza na skripti, ikafuata penseli, kisha wino, na rangi huja karibu na mwisho. Timu nyingi hukumbuka asili ya mhusika zikishafika kwa mpaka rangi, yaani fundi anayetia rangi michoro: huyu rafiki wa shujaa tumfanye Mweusi. Wakati huo mazungumzo yamekwisha kuandikwa na sura zimekwisha kuchorwa. Matokeo yake ni mtu asiye na kwao, asiye na mpenzi, ambaye kwa kawaida hufa kabla kitabu hakijafika nusu.

Kosa la pili lina mzizi uleule, ingawa linaonekana kama wema. Shujaa ni Mweusi, mpenzi wake ni Mzungu, wanaingia baa ya mjini Texas wameshikana mikono na hakuna anayegeuza shingo. Texas ilipiga marufuku ndoa kati ya Weusi na Wazungu, na ilikuwa na sheria ya kuwaadhibu wanaume waliolala pamoja. Baa nyingi ziliwaweka Weusi upande mmoja wa kaunta na Wazungu upande mwingine. Njiani mambo yalikuwa tofauti: watu walikula chungu kimoja, wakapokezana zamu za usiku, na wanaume wawili kulala katika blanketi moja halikuwa jambo la kushangaza, maana baridi ilikuwa kali na mizigo ilibidi iwe myepesi. Hata hivyo, Mweusi alipewa farasi wasiofugika, na mara chache sana alipewa uongozi wa msafara. Mwandishi anayeyajua haya hupata mvutano wa hadithi bila kuulazimisha: jangwani wapenzi wana nafasi ya kupumua, mjini wanarudi kuwa watu wawili wasiojuana. Wengi huandika kinyume chake, hofu ikawa porini na uhuru ukawa baa.

Tunasikia pia kwamba watu walioishi nje ya desturi za jinsia na mapenzi hawamo katika kumbukumbu. Wamo. Charley Parkhurst aliendesha magari ya abiria ya farasi California kwa miaka mingi, na ni alipofariki mwaka 1879 ndipo majirani walipogundua kuwa alizaliwa mwanamke. Huyo huchorwa mara kwa mara, na alikuwa Mzungu. Anayesahaulika ni dobi wa Kimeksiko aliyejulikana kama Bi. Nash, aliyefuatana na kikosi cha Saba cha wapanda farasi cha Jenerali Custer wa jeshi la Marekani. Alifua, alishona na aliwazalisha wake wa askari, na aliolewa zaidi ya mara moja. Mume wake wa mwisho alikuwa koplo. Alipofariki mwaka 1878 katika ngome ya Fort Abraham Lincoln, Dakota, waliomwosha waligundua kuwa alikuwa na mwili wa kiume. Mke wa Custer alimwelezea kuwa alifunika sehemu ya chini ya uso kwa shela. Hebu mchoraji aitazame shela hiyo vizuri: ni mlango wa hadithi nzima, maana inaficha ndevu, na inavaliwa na mwanamke wa Kimeksiko ambaye maofisa wanamwona anapoleta nguo safi tu.

Kwa wenyeji asilia wa Marekani makosa huwa ya maneno na mavazi. We'wha alikuwa mfumaji na mfinyanzi wa Kizuni, mtu ambaye watu wake walimwita lhamana, yaani aliyezaliwa na mwili wa kiume lakini akaishi na kufanya kazi za kike, na mwaka 1886 alikwenda Washington akaonana na Rais Cleveland wa Marekani. Wazuni walikuwa wakulima wa mahindi walioishi katika nyumba za mawe na udongo. Ukimvika kilemba cha manyoya ya tai cha makabila ya nyanda za katikati ya Marekani, umemhamishia kwa watu wengine kabisa. Neno la "roho mbili" (kwa Kiingereza two-spirit), linalotumika sasa kuwataja watu kama hao wa makabila yote ya wenyeji, lilikubaliwa mwaka 1990 katika mkutano wa Winnipeg, kwa hiyo halifai katika kiputo cha maneno cha mwaka 1880. Tumia lhamana kwa Mzuni, nádleehí kwa Mnavajo, baté kwa Mcrow. Vivyo hivyo, neno homosexual (mpenzi wa jinsia moja) liliingia katika Kiingereza mwaka 1892. Wahusika wa kabla ya hapo waonyeshwe kwa matendo.

Tahadhari nyingine ni ya picha za zamani. Ile maarufu ya kuunganishwa kwa reli huko Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869, karibu yote ni nyuso za Wazungu, ilhali Wachina zaidi ya 10,000 walijenga upande wa kampuni ya reli ya Central Pacific. Anayenakili picha hiyo anarudia pia kuwaacha nje walioachwa.

Tukija kwenye rangi yenyewe, katuni za kauboi zina mandhari moja inayowaponza wengi: usiku kando ya moto. Mpaka rangi huchukua ngozi ya mchana na kuipunguzia mwanga tu, na kwenye skrini inapendeza. Ikifika kwenye mtambo wa kuchapa, ngozi ya Mweusi inageuka jivu na sura inapotea, kwa sababu wino mweusi umezidi. Afadhali kila mhusika apewe rangi yake ya msingi ya mchana kwanza, iliyotengenezwa kwa samawati, majenta na manjano, wino mweusi usizidi asilimia 20. Kivuli kielekee kwenye zambarau au wekundu mzito, kisielekee kwenye kijivu. Mwanga wa moto uwekwe juu ya paji la uso, mfupa wa shavu na daraja la pua. Aliyepiga wino naye asijaze mistari ya kivuli usoni, maana mistari hiyo na rangi nzito zikikutana hakuna kinachobaki. Jumla ya wino, yaani asilimia za wino zote nne zikijumlishwa, isipite asilimia 240 kwenye karatasi ya kunyonya, na kama 300 kwenye karatasi laini. Chapeni ukurasa mmoja wa usiku kwenye karatasi ileile ya kitabu, mwutazame chini ya taa ya kawaida. Mkiona macho na meno ya mhusika lakini hamwoni shavu lake, punguzeni wino mweusi na mchape tena.

Wasomaji na wachoraji wa katuni