Hedi Yangu Si Chuma Chakavu

Tudor, Mombasa
14 Mei 2025

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu, Nairobi

KUH: HEDI YA INJINI YANGU ILIYOPIMWA KWENYE MIZANI YA VYUMA CHAKAVU KATIKA TAWI LENU LA MOMBASA

Bwana Meneja,

Salamu nyingi, na natumai u mzima wewe na wenzako hapo ofisini. Nakuandikia kwa heshima, ijapokuwa heshima yenyewe katika karakana yenu ya injini, tawi la huku, nimeikuta imeadimika kuliko spea za gari langu.

Sitakupotezea wakati kukueleza utaratibu wenu. Kadi ya kazi mnayo, nakala ya risiti mnayo, na yale masharti yaliyochapishwa nyuma yake kwa herufi za sisimizi mliyaandika wenyewe. Naanza pale pabaya.

Tarehe 26 Aprili, kama saa nne na nusu asubuhi, nilifika kaunta kuchukua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini kinachobeba vali. Nilikuwa nimeshaambiwa mara nne kwamba iko tayari, na mara nne nikarudi nyumbani mikono mitupu. Kijana wenu, yule anayejiita msimamizi, akaileta kaikumbatia kifuani, akaiweka juu ya kaunta. Nikaigeuza. Uso, ule upande bapa unaokaa juu ya bloki ya injini, unang'aa kama kioo, umechongwa upya. Nikamuuliza, "Mwanangu, nani aliyekwambia uchonge uso?" Hakunijibu. Aliinyanyua tena, akaipeleka pale nyuma kwenye mizani mnayopimia vyuma chakavu, akaibwaga. Akatoa simu yake akapiga hesabu, kisha akasema kwa sauti ya kumfikia hata aliyeko barabarani: "Kilo kumi na nane, mzee. Elfu mbili na mia saba. Nikutumie kwa simu uache kutusumbua?" Watu wakacheka.

Mimi nina miaka sitini na tisa. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa fundi wa mitambo bandarini Kilindini, na wengi wa hao mnaowaita mafundi wakubwa mjini hapa niliwashikisha spana mimi. Sijasema haya kwa kujisifu. Nimeyasema ili ujue kwamba nikiandika kwenye kibati "USO WA HEDI USIGUSWE", sikuandika kwa kubahatisha.

Ndiyo, kibati. Nilikifunga kwa waya kwenye boliti ya pembeni siku niliyoileta hedi, tarehe 3 Februari, na maneno hayo hayo yakaandikwa kwenye kadi ya kazi mbele ya macho yangu: kubadilisha siti nane za vali (zile pete ambazo vali hukalia), kusaga vali, uso usiguswe. Kijana wa siku ile alikuwa mwingine, mpole, aliniamkia. Sijui mmempeleka wapi. Hedi iliporudi kibati kilikuwa bado kinaning'inia pale pale! Aliyeichonga aliifunga kwenye mashine huku maneno yangu yanamtazama.

Labda alidhani ni hedi ya Probox. Za Probox ziko kila kona, ikiharibika moja unavuka barabara unanunua nyingine. Hii ni ya MGA Twin Cam, gari la michezo la Kiingereza. MG walitengeneza MGA zaidi ya 100,000 pale kiwandani kwao Abingdon, Uingereza, lakini za Twin Cam, zenye kamshafti mbili, zile shafti zinazofungua vali, juu ya hedi ya aluminiamu, zilitoka 2,111 tu, kuanzia 1958 hadi 1960, basi. Na hedi ya MGA ya kawaida haiingii hapo, msije mkanitafutia hiyo. Kile kiwanda chenyewe kilifungwa 1980. Gari langu lilikaa miaka mingi chini ya mwembe katika shamba la mzungu mmoja huko bara, kuku wanataga kwenye viti, hadi warithi wake waliponiuzia. Cheti cha uzalishaji nilikiagiza kutoka kwa watunza kumbukumbu huko Gaydon, na namba ya injini inayoanza na 16GB inalingana na iliyogongwa kwenye bloki. Ni lile lile na injini yake ile ile.

Nimelifanyia kazi nyuma ya nyumba yangu miaka sita. Bodi nimeitenganisha na chesisi kwa mikono yangu na ya vijana wa mtaa, mbao za sakafu nimekata mpya, milango na boneti, ambazo ngozi yake ni aluminiamu, nimezinyoosha kwa nyundo ya mpira bila kupaka pati hata kijiko. Breki za diski, zote nne, zinafanya kazi. Kilichobaki kilikuwa hedi tu. Ningeweza kuzichomoa zile siti mwenyewe, lakini kuingiza siti mpya kwenye aluminiamu kunataka mashine na vipimo, na mashine mnazo nyinyi. Vipimo sasa nina shaka navyo.

Nikarudi nyumbani nikapima. Mmeondoa milimita 1.4. Kwa asiyejua, milimita moja na ushei ni unene wa kucha. Kwa injini hii ni kifo, na kama kuna fundi mmoja kwenye kampuni yenu aliyesoma habari zake, angejua. Twin Cam za mwanzo zilitoka na mgandamizo, yaani kiasi silinda inavyobana hewa na petroli, wa 9.9 kwa 1, nguvu za farasi 108, zikawa zinatoboa pistoni, hadi jina la gari likaharibika. Kiwanda chenyewe kikalazimika kushusha mgandamizo hadi 8.3, nguvu zikabaki 100. Mimi nilinunua pistoni za 8.3 kwa makusudi, maana petroli yetu ya hapa naijua. Kabla ya kufungua injini nilipima nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika juu kabisa: mafuta kwenye bomba la sindano, unamimina kupitia tundu la plagi hadi yajae. Mililita 54. Baada ya kazi yenu, hedi imefungwa kwenye bloki ile ile, pistoni ile ile: mililita 48. Piga hesabu mwenyewe, Bwana Meneja, silinda moja ni mililita 397. Mmenirudisha hadi 9.3! Ile hatari iliyowatoa jasho watu wa Abingdon mwaka 1958, mmenirudishia mlangoni kwangu na risiti juu. Tena hedi ikishuka, mnyororo wa kamshafti unalegea na vali zinachelewa kufunguka. Hilo nadhani halikumpitia mtu kichwani.

Nilipiga simu siku hiyo hiyo jioni. Nilizungushwa, nikaachiwa muziki, nikazungushwa tena. Mwisho nikapewa mtu aliyenishauri niweke gasketi mbili. Gasketi mbili! Kwenye hedi ya aluminiamu. Nilikata simu kwa adabu, nikaenda kuosha uso.

Halafu tarehe 6 mwezi huu nikapokea ujumbe mfupi kutoka kitengo chenu cha huduma kwa wateja. Nauandika kama ulivyo: "Tunasikitika kwa mkwaruzano mdogo uliotokea kaunta. Suala limeshughulikiwa."

Mkwaruzano mdogo.

Basi ngoja nikusimulie tena, kwa kuwa mara ya kwanza nilificha jambo. Sikuwa peke yangu siku ile. Nilikwenda na mjukuu wangu, ana miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye msaidizi wangu wa gari hili tangu ana miaka mitano, tangu alipokuwa hawezi kunyanyua spana namba 17. Zile shimu nane ndogo za kurekebisha nafasi za vali, kila moja na unene wake, alizipanga yeye kwenye kopo la siagi, akaandika kwenye karatasi ipi ni ya vali ipi. Asubuhi ile alivaa shati la Ijumaa. Nilimwambia tunakwenda kuchukua roho ya gari.

Alikuwa amesimama karibu na kaunta wakati kijana wenu alipoinyanyua hedi. Mtoto alidhani anaipeleka kufungwa, akamfuata nyuma, kopo mkononi. Kwa hiyo alikuwa hatua mbili kutoka kwenye ile mizani ilipobwagwa. Na ilibwagwa uso chini, Bwana Meneja, juu ya bamba la chuma lenye vichwa vya boliti na vipande vya rediata. Mtoto wa gereji wa wiki ya kwanza hufundishwa kuweka hedi ubavu, au juu ya kipande cha mbao. Nilisikia ule mkwaruzo, na huo kweli ulikuwa mkwaruzano, ila si mdogo: mistari mitatu, mmoja unakatiza kati ya silinda ya pili na ya tatu. "Kilo kumi na nane, mzee." Alisema "mzee" kama mtu anavyomfukuza mbuzi. Fundi mmoja aliyekuwa akisaga kitu alizima mashine ili asikie vizuri. "Elfu mbili na mia saba. Nikutumie kwa simu?" Wakacheka, nami nikabaki nimeshika ukingo wa kaunta kwa kuwa miguu haikunipa uhakika. Kisha mjukuu wangu akanigeukia mbele yao wote akaniuliza, "Babu, kwani tunaiuza?"

Sikuwa na jibu. Niliibeba hedi mwenyewe hadi kwenye tuktuk. Hakuna aliyenisaidia mlango.

Njiani mtoto alihesabu shimu mlizoturudishia kwenye bahasha, maana mlitaka tuwaachie nanyi mjaribishie vali. Zilikuwa saba.

Nilipoketi kuandika barua hii nilitaka pesa zangu tu, Sh. 41,000, zirudi kwenye simu ile ile niliyolipia. Nikiisoma hadi hapa naona hazitoshi. Nataka hivi. Pesa zirudi zote. Hedi ijazwe chuma na irudishwe unene wake na fundi wa kuchomelea aluminiamu nitakayemkubali mimi, si mtakayemchagua nyinyi, kwa gharama yenu. Na akisema haifai, mniagizie nyingine ya Twin Cam kutoka Uingereza, na usafiri na ushuru wa forodha viwe juu yenu. Ulizieni bei mkiwa mmekaa.

Na yule msimamizi aje Tudor. Simtaki kwa barua wala kwa simu. Aje kwa miguu yake, aingie uani kwangu, amwambie mjukuu wangu kwamba hedi ile haikuwa ya kuuza. Mimi hata asiponiamkia nitastahimili, nimezoea. Mtoto aambiwe.

Nawapa siku kumi na nne kuanzia tarehe ya barua hii. Zikipita, msinitafute kwa ujumbe mfupi. Nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja na haimlazimu mtu kuwa na wakili, na dai langu, pamoja na hedi, linaingia humo na nafasi inabaki. Nitakwenda na kibati na waya wake, kadi ya kazi, picha za ile mistari mitatu na bomba la sindano, nimpimie hakimu mbele ya macho yake. Katiba yetu, ibara ya 46, inampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaostahili na fidia akitiwa hasara. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ipo. Mawakili wenu wataifahamu zaidi yangu.

Tena kuna ile mizani. Kwa kuwa mlinipigia bei mbele ya mashahidi, nimeanza kujiuliza: mna leseni ya kununua vyuma chakavu? Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 haitaki mtu afanye biashara hiyo bila leseni. Na mizani yenyewe, mara ya mwisho maofisa wa vipimo waliigonga muhuri lini? Mimi sikuwa na nia ya kuyachimba haya. Nilikuwa mteja aliyeleta siti nane za vali. Lakini nimestaafu, nina wakati mwingi, na gari halina hedi.

Naomba jibu kwa maandishi, lenye sahihi ya mtu na cheo chake.

Wako mteja,

Mwenye hedi
Tudor, Mombasa

N.B. Shimu iliyopotea ni ya vali ya kutolea moshi, silinda ya tatu. Ni kibati cha mviringo, kidogo kuliko shilingi kumi. Tafuteni chini ya benchi ya kusagia vali, upande wa ukutani, na mkiipata msiipime. Ifungeni kwenye karatasi safi.