Mwanangu, usiutegemee ujana

Mwanangu mpenzi,

Jana kwenye simu uliniambia "mama mi kijana bwana, hayo magonjwa yanaua wazee", nikanyamaza manake ulikuwa na haraka, ila usingizi umenipaa nikaona bora nikuandikie.

Kwa korona hujakosea. Mzee wa miaka 80 hatari yake ya kufa ilikuwa mara mamia ya ile ya kijana wa 20, kinga ya mwili inazeeka kama magoti yanavyozeeka, afu juu yake kuna presha na sukari. Lakini kila gonjwa lina watu wake. Surua inachukua zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Na mafua ya 1918, yale yanayokadiriwa kuua watu milioni 50, yalifagia sana watu wa miaka 20 mpaka 40 wenye nguvu zao, yaani umri wako kabisa!

Na we ni mwanaume, hapo ndo roho inaniuma. Kwenye korona wanaume na wanawake waliambukizwa karibu sawa lakini waliokufa wengi wakawa wanaume. Wataalamu wanasema mwanamke ana kromosomu X mbili, yaani vile vifurushi vya urithi ndani ya seli, mwanaume anayo moja tu, na humo ndani kuna jeni nyingi za kinga, homoni nazo zinachangia, sigara nayo imo. Sio kwamba sisi tumepona, mjamzito akishikwa na mafua makali hatari yake inapanda, ndo maana dada yako nilimsumbua mpaka akachanja.

Ila kuna jambo nimeliona kwa macho yangu. Babu yako alikaa siku 4 pembeni ya kitanda, mikono ameikita magotini, mabega yanapanda na kushuka kila akivuta pumzi, ukimuuliza anasema "mafua tu haya". Bibi yako aliumwa wiki hiyohiyo, yeye homa ilivyopanda tu akasema nipelekeni. Bibi tunaye, babu hatunaye. Najua umri nao ulimchangia, alimzidi bibi miaka 11, lakini zile siku 4 mwanangu, zile siku 4 hazinitoki kichwani.

Na we umemrithi, unaficha maumivu. Kwa hiyo ukianza kukohoa bibi usimsogelee kwanza, na kifua kikibana nenda hospitali siku hiyohiyo, usinipigie kesho yake. Ukishasoma nijibu, hata neno moja.

Mama