Barua kwa wifi yangu mwalimu: siku ambayo kila mtoto anacheza

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Saitama. Uliponiuliza kwenye simu michezo ya shule za Japani ikoje, nilikujibu juujuu kwa sababu nilikuwa kazini. Sasa nakuandikia kwa kirefu, tena hadharani, ili na walimu wenzako wasome, maana jambo hili limenikaa moyoni.

Kila mwaka shule za huku zina siku inayoitwa undokai. Nyingine huifanya Mei au Juni, nyingine Septemba au Oktoba. Haina mchujo. Mwenye mbio na anayefika mwisho akihema, wote wamo. Shule nzima hugawanywa pande mbili, wekundu na weupe, na kofia ya mtoto ina rangi zote mbili: ukiigeuza, nyekundu inakuwa nyeupe. Inasemekana rangi hizo zinatokana na vita vya karne ya 12 kati ya ukoo wa Taira, uliobeba bendera nyekundu, na ule wa Minamoto, uliobeba nyeupe. Pointi zote zinaingia kwa upande.

Mchezo ulioniteka ni tamaire. Unasimamishwa mlingoti mrefu wenye kapu la wavu juu yake, na chini vinatawanywa vimpira vya kitambaa. Filimbi ikilia, darasa la kwanza lote linarusha kwa pamoja. Huyu anarusha kwa mikono miwili, yule vinamdondokea kichwani. Filimbi ya pili, wanachuchumaa. Utamu wenyewe unaanza hapo. Mwalimu wa wekundu na mwalimu wa weupe wanatoa kimpira kimoja kimoja na kukirusha juu kwa wakati mmoja, na uwanja mzima, wazazi na mabibi pamoja na watoto, unahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Upande mmoja ukiishiwa, mwingine unaendelea kurusha na kelele zinazidi kupanda. Nani aliingiza kimpira kipi, hakuna ajuaye. Mpwa wako alikuwa anahesabu huku anarukaruka, sauti imemkauka kabisa.

Najua utaniambia mnayo UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania. Naiheshimu, na wenye vipaji wanaihitaji. Lakini ile ni ya kuchuja, kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa. Mimi namfikiria mtoto anayeachwa kwenye mchujo wa kwanza kabisa, pale pale shuleni, halafu miaka yote ya shule ya msingi kazi yake ni kushangilia wenzake. Huyo naye ana shangazi na bibi ambao wangependa kumwona uwanjani.

Huku nako kuna yasiyonipendeza. Mazoezi huchukua wiki kadhaa, na jua la Septemba na unyevu wake huwaumiza watoto. Kuna pia halaiki ya kupandiana mabegani hadi iwe piramidi. Watoto wamevunjika mikono kwa ajili ya watu kupiga picha, na mwaka 2016 jiji la Osaka likapiga marufuku piramidi hizo katika shule zake. Walichelewa, kwa maoni yangu. Na tangu korona shule nyingi zinamaliza adhuhuri, kwa hiyo kile chakula cha mchana cha familia kwenye mikeka kimepotea. Hilo linanisikitisha sana.

Undokai yenyewe Wajapani waliiazima. Ya mwanzo inatajwa kuwa ya mwaka 1874, katika chuo cha jeshi la majini kule Tsukiji, Tokyo, kilichokuwa na wakufunzi Waingereza. Waliichukua, wakaigeuza ikawa yao. Nasi hatuzuiwi na mtu.

Ndiyo maana nakuomba, wifi, mjaribu hapo shuleni kwenu, hata kwa asubuhi moja tu. Mafundi cherehani wana vipande vya vitenge wanavyotupa. Vishonwe, vijazwe mtama. Mlingoti ni mwanzi, kapu ni tenga. Kamba ya kuvutana, Tanga nzima ina katani. Anzeni na wadogo, darasa la kwanza na la pili. Kaka yako na mimi tutalipia ushonaji. Ongea na mwalimu mkuu, kisha unitumie idadi ya watoto wa madarasa hayo, ili fundi ajue ashone vimpira vingapi.

Wifi yako akupendaye