Mwanangu, ukuta ule wa ndani usiguswe

Assalam aleikum mwanangu,

Sisi wazima alhamdulillah, presha ya mamako imeshuka, bibi yako anakusalimu na kila siku anauliza kama umekula. Leo naandika kirefu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, nikianza tu unasema baba niko kazini tutaongea kesho, na kesho yenyewe ikifika fundi ashashika nyundo.

Ramani ya kutengeneza upya nyumba yetu nimeiona. Sikuiona kutoka kwako, nimeonyeshwa na ndugu yako juzi baada ya isha kwenye simu yake, nikaivuta kwa vidole hadi macho yakaniuma. Imechorwa vizuri, sikatai, na rangi, na makochi yamepangwa, hata mmea umetiwa pembeni. Lakini nimeitafuta ndani, yaani kile chumba cha nyuma kabisa tunachokiita hivyo, sikuiona. Nimeitafuta mara tatu. Pale pa ndani na msana wa yuu, ukumbi ulio mbele yake, pamekuwa chumba kimoja kikubwa, kimeandikwa sebule, na jiko la kaunta liko hapo hapo, na ule ukuta wa katikati haupo. Nikamuuliza ndugu yako ukuta uko wapi, akaniambia baba siku hizi watu hawataki kuta wanataka nafasi.

Sasa nakuomba kitu kimoja na nitakiomba tena mpaka mwisho wa barua hii. Ukuta ule usiguswe.

Wewe umesoma hesabu, basi ihesabu nyumba yetu. Kwa nini vyumba vyote vya hizi nyumba za Mkomani hapa Lamu ni virefu na vyembamba, hatua tatu nne kwa upana wake basi, na urefu unaweza kuwa hata kumi? Si kwamba wazee walipenda kubanana. Ni boriti. Mkoko ule ukikatwa boriti nzuri iliyonyooka haikupi zaidi ya mita tatu hivi, na upana wa chumba ni boriti hio ukitoa vichwa vyake viwili vilivyoingia ukutani. Boriti za dari ya msana zimelaza vichwa vyao kwenye ukuta ule, na boriti za dari ya ndani vilevile, upande wa pili. Hakuna boriti hata moja inayovuka kutoka huku kwenda kule. Juu ya boriti kuna mawe ya matumbawe, juu ya mawe kuna chokaa iliyopondwa, nene, na juu ya hapo tena umesimama ukuta wa chumba chako cha dari mlichokuwa mkilala wewe na dadako. Yote hayo yamekaa juu ya ukuta mmoja wenye unene wa dhiraa moja. Ukiutoa huo hubaki na sebule kubwa, unabaki na kifusi.

Najua fundi amekwambia atatia chuma. Ameniambia na mimi, tena kwa heshima, ni kijana mzuri na kazi zake za Nyali nimeonyeshwa picha. Lakini kule alijenga kwa matofali na nguzo za zege, hapa hakuna nguzo, ukuta wenyewe ndio nguzo. Hicho chuma cha mita saba nane kitakaa juu ya nini? Vichwa vyake viwili vitakandamiza mawe ya matumbawe na udongo na chokaa iliyokaa miaka mingapi sijui, mzigo uliokuwa umetandazwa ukuta mzima uende kwenye pembe mbili. Na chumvi ya hapa unaijua, geti la mwalimu wako wa madrasa limebadilishwa mara mbili mimi nikiona. Chuma kikishika kutu kinavimba, kikivimba kinapasua mawe kutoka ndani na huoni kitu mpaka siku ya siku. Halafu kiletwe vipi, kitoke Mokowe kwa boti sawa, kifike forodhani sawa, kisha kipinde kona ile ya msikiti wetu vipi, pale ambapo punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma? Watasema tukikate vipande waje wakiunge ndani. Chuma cha kuungwa juu ya kichwa cha bibi yako. Hapana.

Usinielewe vibaya mama. Nyumba hii ilikuwa inakufa na wewe ndiye umesema haitakufa, ndugu zako wa kiume wawili walitaka iuzwe kwa mzungu, na mimi nilishaanza kukubali, hilo nalisema. Pale barazani baada ya alasiri wazee wananiambia binti yako kafanya la mwanamume, nami nawajibu kafanya la mwanamke, wanaume nimewaona. Nafurahi mpaka usingizi haunijii. Lakini nimechukia kwamba umemuuliza mchoraji aliyeko Nairobi ambaye hajawahi kuvua viatu kwenye tekani, ukumbi wa mlangoni wa nyumba hii, na mimi niliyezaliwa humo hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia.

Na ningekwambia hivi. Sebule kubwa unayoitaka unayo tayari. Msana wa tini, ukumbi unaotangulia, na msana wa yuu havina mlango kati yao, ni uwazi mpana, zamani palikuwa pakitundikwa mapazia tu, sisi ndio tuliopaziba kwa plaiwudi wakati ule tulipompangisha yule mwalimu. Ng'oeni plaiwudi yote. Hapo utapata chumba kipana kinachotazama kiwanda, ua wetu ulio wazi juu, mwanga unaingia, makochi yako mweke msana wa yuu, meza ya kulia mweke msana wa tini. Jiko usilitie huko ndani kabisa, mafuta ya samaki yatakaa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, yasitoke. Litie upande wa kiwanda, kwenye ile stoo ya makuti, ina ukuta wa nje, moshi unatoka, na kisima kiko hatua mbili kwa siku za mgao. Kaunta yako iweke hapo, sina neno na kaunta, mamako ameipenda.

Ndani paache pawe ndani. Hapo ni pa bibi yako. Kwenye ramani umempandisha juu, chumba kizuri chenye dirisha la baharini nimeona, lakini ngazi yetu unaijua ilivyosimama, mimi mwenyewe siku hizi nashika ukuta. Yeye magoti hayana kitu. Akipanda juu hatashuka tena, atakuwa anasikia wageni tu, na akishuka tutakuwa tumembeba. Ndani kuna baridi mchana kutwa, kuna choo pembeni yake, kiko pale pale walipokiweka wazee, kitieni bomba la kisasa na bafu la kukaa na chuma cha kushika. Vidato tu ndivyo vifanyiwe kazi, unajua nyumba hizi kila ukiingia ndani zaidi unapanda kidato, kutoka kiwanda hadi kitandani kwake kuna vitatu, vitiwe mteremko wa chokaa mpole, usiwe wa vigae vya kuteleza. Na shimo jipya la choo lisichimbwe upande wa kisima hata fundi akikwambia ndio karibu. Hio ni gharama kidogo kuliko chuma.

Kiwanda pia umekifunika kwa kioo kwenye ramani. Sijui nani kakwambia. Ile ndio pua ya nyumba, joto lote linatoka nje kupitia hapo, upepo wa kusi ukipita juu ya paa ndio unaovuta hewa ya huku tini. Ukikifunika utatia AC, ukitia AC utalipa stima mpaka ustaafu. Weka turubai la kukunjua wakati wa masika basi, na mtaro wa kutolea maji uzibuliwe mpaka njiani.

Turudi kwenye ukuta, manake nahofu utasoma ya jiko uyafurahie ya ukuta uyaruke.

Kuna ufa kwenye zidaka za ndani, ule uliokuwa ukipitisha kidole chako ukiwa mdogo ukisema ni mto Tana. Nyinyi mnajua ni mvua za El Niño za 1997. Mimi ndio niliwaambia hivyo, na mvua zilikuja kweli, zilikuja mwezi mmoja baada ya ufa. Lakini mwaka ule kabla ya mvua nilikuwa nimenunua friza ya samaki, ile kubwa ya mlango wa juu, nikataka ikae ndani kwa vile kuna baridi, na mlango wa ndani ukawa mwembamba. Babu yako alikuwa ashakufa, hapakuwa na wa kunizuia. Nikaita mtu na tindo tukautanua mlango, dhiraa moja tu upande wa kushoto, jioni moja kazi imekwisha, friza ikapita, nikala nikalala. Alfajiri boriti mbili zikashuka kama shibiri. Mawe na chokaa ikaanguka juu ya kitanda, juu ya mto. Bibi yako alikuwa ameshaamka anatawadha. Alitoka bafuni akatazama mto wake, akaniambia lete ufagio. Hadi leo hajalitaja.

Siku ya pili nikasimamisha miti miwili, nikainua boriti, nikatia ubao juu ya mlango, na nikapaka simiti juu ya yote hadi isionekane. Friza ikaharibika baada ya mwaka na nusu.

Kwa hivyo fundi wako akigonga pale anasikia simiti ngumu anadhani ukuta ni mzima. Si mzima. Upande wa kushoto wa mlango, kutoka sakafuni hadi kwenye zidaka za kwanza, ndani yake ni vipande. Na simiti yenyewe imefanya ubaya wake, maji ya ardhini yanapanda ukutani kila siku, yakikuta chokaa yanatoka nje taratibu, yakikuta simiti yanazuiwa yanaendelea kupanda, ndio maana chumvi inatoka juu yake kama unga na kila mwaka iko juu zaidi. Sasa imekaribia vichwa vya boriti. Sijapanda kuvitazama. Nimekuwa nikipaka rangi.

Basi kazi ya kwanza kabla ya sebule wala kaunta ni hiyo. Miti ya kushikilia isimame pande zote mbili, dari ya msana na dari ya ndani pamoja, ndipo simiti ibanduliwe pole pole kwa tindo ndogo si kwa nyundo, mawe yajazwe upya na chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, si ya mfuko iliyochanganywa asubuhi hiyo. Boriti itakayoonekana imeoza kichwa itolewe moja moja. Juu ipakwe chokaa na ndani ya zidaka irudishwe niru, ile lipu laini ya chokaa. Kuna mzee wa hapa Mkomani aliyefanya kazi za niru nyumba nyingi za mji huu, mikono yake inatetemeka lakini jicho bado, akae tu kwenye kiti amwelekeze kijana wako. Na ramani ipelekwe ofisi ya Makumbusho waione kabla ya Jumatatu, mji umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na huwezi kubomoa ukuta wa nyumba ya zamani kama unabomoa banda. Nenda nao vizuri, wana mafundi wanaojua. Nitaipeleka mimi ukinipa ruhusa. Naandika ruhusa kwa sababu pesa ni zako.

Mamako anasema nisikutishe. Sikutishi. Nimekaa na jambo hili tangu una miaka minne.

Mengine. Tumehamia kwa ami yako mtaa wa Langoni kama ulivyotaka, tumepewa chumba cha mbele, paka amekataa kuja amebaki na nyumba, namrudia jioni na vichwa vya dagaa. Pesa ya mwezi uliotuma imefika, nimelipa dawa za bibi yako na deni la duka, zilizobaki nimewapa wabeba mchanga manake punda wamepandisha bei. Mlango mkubwa usichongwe upya, fundi amesema atauleta mwingine, usikubali, ule wa babu yako unahitaji mafuta tu na kokwa la chini. Vyungu vya mamako vimefungwa kwenye gunia la bluu. Harusi ya binamu yako imesogezwa baada ya Idd, anataka wewe ndio umletee viatu, namba atakutumia mwenyewe. Na ule mkopo uliochukua kwa ajili ya kazi hii nimeusikia kwa wengine, ungeniambia ningeuza shamba la minazi la Mpeketoni, bado naweza.

Nipigie kabla ya Jumatatu. Nipigie hata usiku. Usimwandikie fundi kwanza, nipigie mimi. Nimeshamwambia asianze na ukuta ule, aanze na mtaro wa kiwanda, amesema anasubiri neno lako.

Jana nilikwenda na kamba nikapima kitanda cha bibi yako, nikafunga fundo mbili, kisha nikaitandaza ndani kutoka pembe ya choo hadi chini ya zidaka. Kinaingia, na mlango wa choo unafunguka wote bila kugonga. Kamba nimeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa tekani, ukija Disemba utaikuta.

Babako