Namba ya kwenye dumu la oili haisemi yote

Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya magari, kwamba oili nzito ndo inalinda injini na nyepesi inaua metali za krenki, yaani beringi zinazobeba shafti kuu ya injini, nikashindwa kunyamaza maana mimi ni fundi injini na hayo maneno nayasikia kila siku. Sio uongo wote, ila mmesema nusu.

Shafti ikizunguka haigusi metali, inaelea. Inajivutia oili yenyewe kwenye uwazi unaozidi kubana, presha inapanda mpaka inabeba mzigo. Uingereza miaka ya 1880 Beauchamp Tower alikuwa anapima beringi ya ekseli ya treni, akaziba tundu la oili kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje, akaweka geji nayo presha ikaipita kipimo. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akatoa hesabu ya kueleza hilo na mpaka leo ndo tunaanzia hapo, ila yeye alichukulia mnato wa oili, yaani uzito wake wa kutiririka, haubadiliki hata uiburuze kwa kasi gani.

Sa oili za leo, hizi za 5W-30 na wenzake (namba ya mbele ni ya oili ikiwa baridi, ya nyuma ikiwa moto), haziko hivo. Zimewekwa polima, yaani minyororo mirefu iliyojikunja, oili ikipata moto inajikunjua ili isiwe maji kabisa. Shida ni kwamba ukiiburuza kwa kasi hiyo minyororo inalala kufuata mkondo na oili inakuwa nyepesi kuliko ulivyonunua, kama rangi ya ukutani inavyoteleza kwenye brashi afu ikitulia haichuruziki. Mingine inakatika kabisa na hiyo hairudi tena. Piga hesabu ya shafti ya milimita 50 kwa mizunguko 3000 kwa dakika, uso wake unakimbia karibu mita 8 kwa sekunde, na uwazi ukiwa maikroni 25, hiyo ni kama theluthi ya unywele, kasi ya kuburuza, yaani mwendo wa uso ukiugawa kwa uwazi, inapita laki tatu kwa sekunde, na pale panapobana zaidi utando wa oili ukibaki maikroni mbili tatu inapita milioni. Yaani palepale unapoihitaji iwe nzito ndo inakuwa nyepesi, shafti inasogea zaidi upande mmoja, utando unapungua.

Ile 30 inapimwa kwa nyuzi 100, oili ikiteremka polepole kwenye mrija mwembamba kwa uzito wake tu. Kipimo kinachofanana na beringi ni kile cha nyuzi 150 na kasi ya kuburuza ya milioni kwa sekunde, na hapo ndo utashangaa, dumu mbili zote zimeandikwa 5W-30, moja ya daraja la C2 la ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, inaruhusiwa kuanzia milipaskali-sekunde 2.9 (kipimo cha mnato), nyingine ya C3 lazima ifike 3.5. Namba moja, oili mbili. Makala yenu haikugusa kabisa hayo maandishi madogo ya nyuma.

Na msiseme basi kulainika ni ubaya mtupu. Oili ikilainika msuguano unapungua, joto nalo linapungua, na ikipoa kidogo inarudisha sehemu ya mnato wake, ndo maana hasara kwenye utando mara nyingi ni ndogo kuliko unavyodhani, na mafuta ya gari yanaokolewa. Watengenezaji wanaotaka oili nyepesi wameshapiga hesabu ya upana wa beringi, uwazi na pampu, sa wewe ukimwaga nzito kwa kuwa jirani kasema, asubuhi injini ikiwa baridi inachelewa kufika kwenye metali. Ila kwa injini iliyotengenezwa kwa 3.5, ukaweka ya 2.9 afu ukabeba mizigo mlimani, hapo nakubaliana na mwandishi wenu.

Ila lile pendekezo la kuichezea oili ya kwenye stiki ya kupimia kwa vidole na kuimwaga ukiona nyepesi, naomba mlisahihishe. Oili hapo imepoa na imetulia, vidole haviwezi kukwambia inakuwaje ikiwa ndani ya beringi.

Fundi injini, msomaji wenu